Kila Kunde na Chungu Chake

Mama yangu alifariki Ijumaa ya pili ya Kwaresma, kabla kengele ya misa ya asubuhi haijapigwa. Kesho yake tulimpandisha mlimani tukamzika kwenye shamba la ukoo wao, mahali ambapo ukisimama unauona mji wa Morogoro wote huko chini, mabati yakimetameta kama mchele uliomwagwa kwenye ungo.

Mdogo wangu Deo ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Deo anaishi Dar es Salaam, amesoma, na ana sauti ya kusimama mbele za watu. Alisoma vizuri mpaka akafika mahali palipoandikwa kwamba mama alitulea peke yake, kwa taabu kubwa, tukila maharage kila siku. Watu wakaguna kwa huruma. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Maskini wee," akapenga kamasi kwenye kanga. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nimejifunika kichwa, nikanyamaza. Msibani humkatizi msomaji, hasa akiwa ni mdogo wako naye machozi yanamtoka.

Lakini neno lile limenikaa kooni tangu siku ile, kama punje isiyoiva. Mimi ni mtu wa darasa la saba. Sina maneno ya kupambia. Nataka tu kusema kwamba si kweli, na nieleze kwa nini, kwa ajili ya watu wa umri wangu waliolelewa kama mimi na ambao siku moja watasikia wasifu wa mama zao ukisomwa namna hiyo.

Tuliishi Mwembesongo, chumba kimoja na kibaraza, kwenye nyumba ya kupanga yenye uwa wa pamoja. Baba alikuwa mtu wa kanda ya Ziwa aliyeletwa Morogoro na kazi ya kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipopunguza watu, akasema anakwenda kukata miwa kwa msimu mmoja. Aliondoka asubuhi na begi la bluu. Msimu ukaisha, tukawaona wanaume wengine wa mtaa wakirudi na nyuso nyeusi kwa masizi ya mashamba ya miwa yaliyochomwa, lakini wa kwetu hakurudi. Mama akatuambia, "Baba yenu yuko mbali, kazini." Hakuongeza kitu. Mama hakuwa mtu wa kuongeza.

Akaanza kuuza kunde. Nasema kunde nikiwa na maana ya jamii yake yote: maharage ya njano na mekundu, choroko, mbaazi, njugu mawe, dengu kidogo, na fiwi. Wanawake wa mlimani walishuka alfajiri na mizigo kichwani, miguu ina utelezi wa umande, na mama aliwapokea kwa lugha yao na chai ya rangi kabla hajafungua mzigo wa mtu. Choroko na mbaazi alizifuata mwenyewe upande wa Kingolwira, kwa wakulima. Bidhaa zake zilikaa barazani juu ya turubai, kila aina na gunia lake limekunjwa mdomo, na kopo la kupimia juu yake.

Jioni, wateja wakishaondoka, mama alikung'uta turubai. Hapo ndipo kilipotoka chakula chetu. Zilizomwagika wakati wa kupima, zilizoviringika chini ya magunia, zote zilikutana katikati zikiwa na vumbi na vijiti. Alizimwaga kwenye ungo, akatuita. Mimi na Deo tulikaa uso kwa uso, ungo katikati, tukachambua: choroko huku, mbaazi huku, fiwi kwenye kifuniko cha sufuria. Vidole vyangu bado vinajua kazi ile. Hata leo ukinifumba macho, ukaniwekea punje kiganjani, nitakwambia ni nini.

Deo alikuwa hajaanza shule, na alikuwa mvivu kama paka. "Mama," alisema siku moja, "si upike tu zote pamoja? Tumboni si zinakutana?"

"Tumboni zitakutana zikiwa zimeiva," mama akamjibu. "Ukizipika pamoja choroko itakuwa uji na fiwi bado jiwe. Kila kunde na chungu chake."

Na kweli alikuwa na vyungu, vidogo vidogo vya udongo, alivyoshuka navyo kutoka kwao. Havikupikiwa vyote siku moja. Leo hiki, kesho kile. Jirani yetu Mama Zuhura, mtu wa Tanga mwenye mdomo mkali na mkono wa ukarimu, hakuchoka kumtania, akimwita kwa jina langu.

"Mama Skola, vyungu vyote hivyo kwa watu watatu? Una harusi?"

"Ya kunde na mwiko. Karibu, umechelewa kuchangia."

Lakini usiku tukishajilaza alisema nasi maneno mengine kwa sauti ya chini, na hayo ndiyo ninayoyakumbuka zaidi: "Wanangu, kula mabaki si aibu. Aibu ni kuyala kama mabaki."

Sasa nisikilize nikwambie tulikuwa tunakula nini, maana wasifu ulisema maharage ukanyamaza.

Choroko za mama zilipondwa nusu. Nusu nyingine iliachwa nzima, ili ulimi uwe na kazi. Alizikaanga na kitunguu kilichoungua kidogo kingo, na harufu ile ilipita ukutani mpaka wapangaji wengine wakaanza kukohoa kwa tamaa. Mbaazi alijifunza kwa Mama Zuhura: tui la kwanza mwishoni, moto umepunguzwa, usikoroge, tikisa chungu tu. Tulizila asubuhi na maandazi, na sijaona siku ya sikukuu iliyoshinda asubuhi zile. Njugu mawe zilichemshwa na maganda yake na chumvi, tukakaa mlangoni tukizipasua kwa meno na kunyonya maji ya chumvi kwanza, kisha punje, ambayo ni ya ungaunga na tamu kama kiini cha yai. Maharage mabichi yakishuka kutoka mlimani, mama aliyapika na ndizi mbichi, na mchuzi ulikuwa mzito, wa rangi ya udongo wa kwao. Ukichovya tonge la ugali pale katikati unaacha shimo, na mchuzi hauna haraka ya kulifukia.

Na fiwi. Za wakulima wengine aliziuza, lakini za kwetu hakuziuza. Zilikaa ndani ya kibuyu chenye majivu, juu ya kichanja, na asili yake ilikuwa kibuyu cha bibi, mama yake mama. Ni nyeupe, pana, zina doa la zambarau upande mmoja kama jicho lililovilia damu. Bibi alimpa mama siku aliposhuka kuolewa mjini, naye bibi alipewa na mama yake. Kila mwaka mama alipanda mlimani kuzipanda kwenye shamba la ukoo, na wakati wa mavuno akarudi na kibuyu kimejaa tena. Fiwi za namna ile hupiki ovyo. Maji ya kwanza yanatoka ya kijivu, yana harufu chungu inayokukaa nyuma ya pua, nayo ni mabaya, hayanywi. Unayamwaga. Ya pili unayamwaga. Na chungu hakifunikwi.

"Kwa nini hufuniki?" nilimuuliza.

"Zina hasira. Ziache zipumue."

Aliyamwaga maji yale chini ya mpapai wa uwani, taratibu, uso ameugeuza pembeni kuukwepa mvuke. Baada ya hapo fiwi zilikuwa laini, za mafuta, hazihitaji hata kitunguu. Harufu ile chungu ya maji ya kwanza, ndiyo iliyonifanya niketi niandike haya. Lakini nitafika.

Kutoka shuleni tulirudi nyumbani mchana kula. Mtoto mmoja wa mtaa wetu, Side, alikuwa na desturi ya kuchungulia masufuria ya watu. Akishaona chungu chetu anakimbia akipiga kelele: "Kingolwira! Kingolwira!" Na wengine wanaitikia. Huhitaji kuwa mtu wa Morogoro ili uelewe: kule kuna shamba la magereza, na watu wanasema mfungwa chakula chake ni ugali na maharage, leo, kesho na mtondogoo.

Ila mimi nilielewa kitu kingine. Nilikuwa na umri wa kuunganisha mambo, lakini sikuwa na umri wa kuuliza. Baba hayupo. Mama hasemi yuko wapi. Mama kila wiki anakwenda Kingolwira, anarudi jioni amechoka na hana maneno. Watu wakiona tunachokula wanataja Kingolwira. Basi nikajua: baba amefungwa, mtaa mzima unajua, na sisi tunakula maharage ili asile peke yake.

Siku moja ya likizo mama alinichukua nimsaidie kubeba. Tukiwa njiani tukawaona kwa mbali, mstari wa watu wenye nguo za rangi ya chungwa, wanalima, na askari amesimama kivulini. Mtu wa mwisho kwenye mstari alikuwa mrefu, bega moja limeshuka, kama baba. Nikampungia mkono. Hakuona.

"Unampungia nani?" mama akauliza.

"Hakuna."

Sikutaka ajue kwamba najua. Nilidhani namtunzia siri yake, na nilijisikia mtu mkubwa kuliko siku zote.

Tangu hapo nilikula kwa bidii. Kila tonge lilikuwa na sababu. Deo akiacha fiwi pembeni ya sahani nilimfinya chini ya mkeka nikamnong'oneza, "Maliza. Baba naye anakula sasa hivi." Deo alitoa macho, akameza. Nadhani ndiyo maana mpaka leo hapendi fiwi, na wala simlaumu.

Shangazi alifika bila taarifa. Dada mkubwa wa baba, mwanamke mnene, mrembo, viatu vya kisigino vinazama kwenye matope ya Mwembesongo. Alikuja na mfuko wa samaki wakavu ambao harufu yake ilimtangulia uwani. Tukamwamkia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona mmekonda hivi?"

Hatukuwa tumekonda. Nina hakika, maana Mama Zuhura alikuwa akimwita Deo Mashavu.

Alilala kitandani kwetu, sisi tukashuka kwenye mkeka. Kila chakula kilipotengwa alifunua chungu, akarudisha kifuniko.

"Maharage tena, wifi?"

"Leo ni choroko, wifi."

"Ndiyo hayo hayo."

"Si hayo hayo," mama akasema, akimpakulia.

Samaki wake aliwaning'iniza ukutani, hakuwatoa. Nadhani alikuwa akisubiri aombwe, na mama hakuomba. Mpaka Jumamosi jioni, tukiwa tunachambua, shangazi akasema kilichomleta. Alisema bila kunong'ona, kama vile mimi na Deo ni sehemu ya ungo.

"Wifi, nimekuja kuchukua watoto wa kaka yangu. Nimeona kwa macho. Damu yetu haiwezi kulelewa kwa maharage kila siku, kama wafungwa. Jumatatu naondoka nao."

Vidole vya mama havikusimama. Alitoa kijiwe, akakitupa nyuma yake.

"Kesho tule kwanza," akasema. "Maneno ya watoto hayazungumzwi na tumbo tupu."

Usiku ule nilimshika Deo mkono mpaka kukacha. Kama wakitupeleka Ziwa, nani atakula na baba? Hilo tu ndilo nililowaza. Nilikuwa tayari kujifungia chooni, nilikuwa tayari kupanda mpapai.

Jumapili baada ya misa mama aliwasha moto uwani, mafiga hapa na mafiga pale, na kwa mara ya kwanza vyungu vyote vikapanda siku moja. Mama Zuhura alikuja na mbuzi yake ya kukunia nazi, akakaa, akakuna bila kuulizwa na bila utani, na hapo ndipo nilipojua mambo ni mazito. Shangazi alikaa kwenye kigoda kivulini akizungumza muda wote: watoto wa watu huko kwao wanavyokula sato, wanavyokunywa maziwa, ada za shule, jina la ukoo. Mama alikuwa amesimama kwenye chungu cha fiwi. Alimsikiliza. Yalipotoka maji ya kwanza alikiinua chungu na matambara, akaenda akayamwaga chini ya mpapai. Akarudi, akaweka maji mengine. Shangazi akaendelea. Mama akamwaga ya pili. Shangazi akafika mwisho wa maneno, na mama ndipo akatia chumvi.

Alitenga kwenye mkeka. Choroko, mbaazi za nazi, maharage ya njano, kunde nyeusi na majani yake, njugu mawe kwenye bakuli, fiwi katikati, na ugali unafuka. Hakuna chungu kilichofanana na kingine kwa rangi wala harufu. Shangazi alitazama, akanawa, akaanza na tonge dogo la adabu. La pili halikuwa la adabu.

Lakini alikuwa mtu wa msimamo. Alipofika katikati akanigeukia, kwa upole kabisa, nadhani kwa kutaka kunivuta upande wake.

"Skola mwanangu, niambie ukweli. Hupendi kula vitu vingine? Kila siku unakula nini hapa?"

"Anachokula baba," nikasema.

"Baba yako anakula nini?"

"Maharage. Kule Kingolwira. Tukiondoka atakula peke yake."

Mama Zuhura aliacha kutafuna. Side, ambaye alikuwa anachungulia kwenye uzio kama kawaida yake, safari hii hakupiga kelele.

"Nani kamwambia mtoto kwamba kaka yangu amefungwa?" Shangazi alipandisha sauti. "Wifi, ndiyo unayowafundisha?"

Mama alikuwa amenitazama. Sijawahi kuuona tena uso ule, na niliishi naye miaka yote mpaka alfajiri ya Ijumaa ile. Alikuwa kama mtu aliyefungua gunia la mbegu akakuta kilichokuwa ndani kwa muda wote ni kitu kingine.

"Sikumfundisha," akasema. "Nilinyamaza, akajifundisha mwenyewe. Wewe unajua alipo, wifi. Waambie."

Shangazi akatazama samaki wake ukutani, kupitia mlango.

"Basi nitawaambia mimi. Skola, Deo. Baba yenu hajafungwa. Yuko kule kwenye miwa. Ana nyumba, ana mwanamke, ana mtoto mchanga. Anakula wali, anakula samaki. Kula samaki si vibaya. Lakini hana askari. Akitaka kuja kwenu, njia ni yake."

Nilitazama sahani yangu. Sitaki kusema uongo kwamba nilielewa yote. Nilielewa samaki. Miezi yote ile nilikuwa nakula naye, na yeye alikuwa anakula kitu kingine, na watu wengine. Nilihisi nasukuma sahani, mkono wangu ulikuwa umeshaigusa. Halafu hasira ikanipanda ya namna nyingine kabisa. Zilikuwa fiwi za mama. Nilizichambua mimi. Kwa nini nizisusie kwa ajili yake? Nikakata tonge, nikachovya, nikala, machozi yakiingia mdomoni pamoja nalo. Na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikazionja kwa ajili yangu mwenyewe. Zilikuwa tamu. Nasema kama zilivyokuwa.

Shangazi alifuta mdomo. "Hata kama," akasema, na sauti ilikuwa imepungua. "Watoto ni wa baba yao. Ndivyo ilivyo."

"Kwenu," mama akamjibu. "Wala siwakosoi. Lakini ulikuja kwa watu wa mlima. Kwetu mtoto ni wa lukolo, wa ukoo wa mama yake. Kwa hiyo hata nikitaka kukupa, wifi yangu, siwezi. Si wangu peke yangu. Mwenye neno ni kaka yangu, mjomba wao. Anakaa kule." Akanyoosha mkono. Milima ya Uluguru ilikuwa pale pale inapokuwa siku zote, juu ya mabati ya mtaa, nusu yake ndani ya wingu. "Gari halifiki. Ukitoka alfajiri, kwa miguu, unafika jua likiwa utosini, kama hakuna mvua. Kesho nitakusindikiza mpaka pale njia inapoanza kupanda. Ukamwombe."

Shangazi aliutazama mlima. Akautazama kwa muda. Kisha akatazama viatu vyake vilivyokuwa vimekaa kando ya mkeka, kisigino kimoja kina matope. Mama Zuhura alianza kukohoa ndani ya kanga, kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Wingu likashuka kidogo zaidi.

"Niongeze hizo nyeupe," shangazi akasema hatimaye, akasogeza sahani.

Jumatatu aliondoka peke yake. Mlimani hakupanda. Alituacha na samaki wake ukutani, na mama aliwapika na choroko, wakatosha wiki nzima, na walikuwa wazuri, sisemi hawakuwa wazuri. Side aliporudia wimbo wake wa Kingolwira, nilisimama mlangoni na bakuli mkononi.

"Ndiyo, na leo ni mbaazi za nazi. Kwenu kuna nini?"

Akafikiri. "Mlenda wa jana."

"Haya, njoo."

Akaja. Alikuja siku nyingi baada ya hapo.

Basi arobaini ya mama ilipokaribia, Deo alinipigia simu kwamba ameshaongea na watu wa kupika, watapanda na masufuria yao, pilau na ng'ombe.

"Sawa," nikamwambia. "Na mimi nitapika fiwi na choroko na mbaazi."

"Dada, jamani. Watu watasema nini? Tumemzika mama kwa heshima, halafu tuwape wageni fiwi?"

"Ulishawaambia tulikula maharage kila siku. Waje waone hayo maharage."

"Kwani nilidanganya? Hatukula?"

"Choroko si maharage, Deo. Mbaazi si maharage."

Akacheka kidogo. Kisha sauti yake ikawa ya yule mtoto wa upande wa pili wa ungo. "Lakini taabu ilikuwepo, Dada. Nakumbuka akilia uwani akidhani tumelala."

"Ilikuwepo," nikasema. "Sikatai. Lakini haikuwa chunguni. Usiiweke chunguni mwake."

Siku mbili kabla nilikishusha kibuyu kichanjani, nikapanda nacho mlimani. Majivu yalikuwa bado yamekaa vizuri, mama aliyafunga mwenyewe baada ya mavuno ya mwisho. Nikagawa: hizi za kupika, hizi za kurudi shambani mvua ikitengemaa. Siku yenyewe niliwasha moto wangu mbali na masufuria ya wale wapishi, ambao walinitazama kama mtu anayechezea jikoni. Nikaacha chungu wazi. Maji ya kwanza yalipochemka, harufu ile ilipanda, chungu, nyuma ya pua, na hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu tulipomzika, mikono miwili kwenye matambara, bila uwezo wa kujifuta. Nikaenda nikayamwaga kwenye mgomba. Nikarudi kuweka mengine.

Wageni walikula pilau, na walikula pia vya kwangu. Deo mwenyewe alikula choroko sahani mbili. Fiwi alizipita. Ni haki yake.

Mchana ulipogeuka nikasikia bodaboda inanguruma inapanda. Siku hizi zinafika, kwa kelele nyingi. Nyuma ya kijana alikuwa amekaa bibi mnene aliyefungwa kanga kiunoni, fimbo ameipakata, macho ameyafumba. Waliposimama akayafumbua jicho moja moja. Sikumjua mpaka aliposema.

"Nimepanda mlima wenu," shangazi akasema. "Mama yako alinizuia kwa mlima huu."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mjomba wenu yuko wapi? Nina neno naye."

"Mjomba alishatangulia, shangazi."

"Basi nimechelewa," akasema, akatikisa kichwa. Akaomba apelekwe kaburini, akakaa huko na fimbo yake kwa muda, sikumfuata. Aliporudi aliketi kwenye mkeka. Wapishi wakamletea pilau yenye mnofu juu. Akaisogeza pembeni.

"Zile nyeupe zipo?"

Nikampakulia. Hakuwa na meno ya mbele, lakini fiwi hazihitaji meno. Alikula kimya mpaka akaacha sahani nyeupe. Kisha akafungua pindo la kanga yake, akalitandaza kwenye goti.

"Nipe na za mbegu," akasema. "Kidogo tu. Nikapande kwangu kabla sijafa."

Watu wa karibu waliacha kuzungumza. Deo alinitazama, akatingisha kichwa kwamba nimpe. Kibuyu kilikuwa mgongoni mwangu, nakigusa. Shangazi alikuwa mzee, alikuwa mgeni, alikuwa amepanda mlima kwa bodaboda akiwa amefumba macho. Nilimwonea huruma kabisa.

"Za kula zipo, shangazi," nikasema. "Za mbegu ni za lukolo."

Alinitazama, mimi, halafu mlima uliobaki juu yetu. Akaanza kucheka, cheko la ufizi mtupu, bega linatikisika, mpaka fimbo ikaanguka. Akafunga pindo lake. Akanyoosha sahani.

Nikachota, nikamjazia.